Mji Mkuu Uliotangulia Majengo Yake

Majabali ya Dodoma yangalikuwapo hata kama hapana mwanadamu aliyepata kukanyaga Ugogo. Utemi haukuwa hivyo, wala mji mkuu si hivyo. Hivyo ni vitu visivyoshikika mkononi, navyo huishi kwa kukubaliwa na watu. Yafaa basi tuulize: kitu cha namna hiyo huanza lini, na hufa lini?

Mtemi wa Kigogo alikuwa mlinzi wa mawe ya mvua na wa nchi yake. Alipofariki, mawe yalimwendea mrithi katika ukoo wake, na utemi ukawa ule ule ingawa mtu alikuwa mwingine. Waingereza waliutia utemi katika ngazi za utawala wao. Kisha mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikayafuta mamlaka ya machifu wote. Mawe hayakubadilika hata chembe. Kilichoondoka ni haki ya kutawala. Lakini Mazengo wa Mvumi, aliyefariki mwaka 1967, hadi leo hutajwa kwa cheo cha Mtemi. Mamlaka na heshima, kumbe, vilikuwa vitu viwili vilivyokaa ndani ya mtu mmoja, na sheria ilikifikia kimoja tu.

Mji mkuu ulipita njia nyingine. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Wizara nyingi na majalada yake zikabaki pwani kwa miongo mingi. Je, mwalimu aliyewafundisha watoto kuwa mji mkuu ni Dodoma alisema uongo? Hasha. Alitaja ahadi ya taifa, na ahadi nayo ni kitu, ingawa huchakaa kama paa la udongo la tembe lisilotengenezwa. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996. Serikali ikaanza kuhama kwa dhati mwaka 2016. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikaja mwaka 2018: mkunga aliondoka kabla mtoto hajaandikiwa cheti!

Wapo watakaohesabu umri wa mji mkuu tangu sheria hiyo, na wengine tangu Ikulu ya Chamwino ilipozinduliwa mwaka 2023. Mimi nashikilia 1973. Yote yaliyofuata yalitendwa kwa jina la uamuzi ule; bila ya huo, majengo hayo hayo yangalikuwa ofisi za mkoa tu.