Halmashauri Ilipofutwa

Sisi watu wa Ujiji tunapenda kusimulia jinsi Stanley na Livingstone walivyokutana hapa mwaka 1871. Mimi nafuatilia zaidi habari za mitaro na lori la taka, maana hapo ndipo mwananchi anapoionja serikali yake.

Kuanzia mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa nchini. Maamuzi yakahamia kwa watumishi wa wilaya na mkoa. Miji ikaumia: barabara zikabomoka, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Kuzifuta kulikuwa kosa kubwa.

Maana mambo ya lori la taka hayaamuliwi vizuri kutoka mbali. Diwani mmoja atataja maembe yaliyooza sokoni Mwanga, mwenzake ufukwe wa Kibirizi wanakoanika dagaa, na wote wana haki. Kisha kamati ya fedha iulize: mafuta je? Matairi? Vipuri vinavyotoka Dar es Salaam? Lori lililonunuliwa bila fungu la matengenezo huishia kuegeshwa juu ya mawe, majani yakiota chini yake.

Maswali kama hayo yanahitaji uwazi. Mwaka 2016 manispaa yetu iliingia katika majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, pamoja na Paris na Seoul. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo. Niliumia sana.

Hata hivyo, mikutano ya baraza la madiwani bado ni ya wazi. Ndugu zangu wa Gungu, Katonga na Kasingirima, nendeni mkasikilize bajeti ikisomwa.