Kukawia kwa Picha katika Kioo cha Kompyuta

Picha inapokawia kutokea katika kioo cha kompyuta, lawama ya kwanza huiangukia mashine: husemwa kwamba ni kuukuu, au prosesa yake, yaani bongo lake, ni dhaifu, au kumbukumbu yake ni finyu. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Walakini historia ya madirisha, yaani vile vipande vya kioo ambamo kila programu huonyesha kazi yake, ina ushahidi mwingine. Waliotangulia kuutibu ukawiaji huo walikuwa na mashine dhaifu kupita simu yoyote ya leo, na sehemu kubwa ya tiba yao ilikuwa kuiepusha mashine na kazi isiyokuwa na lazima.

Mwaka 1973, katika maabara ya utafiti ya Xerox mjini Palo Alto, California, ilitengenezwa kompyuta iliyoitwa Alto. Kioo chake kilikuwa na nukta 606 kwa upana na 808 kwa urefu, kila nukta ama nyeusi ama nyeupe, na kila moja ilikuwa na biti yake katika kumbukumbu. Hesabu yake si ngumu: nukta 489,648 hudai baiti 61,206, na kumbukumbu yote ilikuwa kilobaiti 128 tu. Karibu nusu ya ghala, basi, iliweza kukaliwa na picha peke yake. Tena picha hiyo ilipaswa kusomwa upya na kupelekwa kiooni mara nyingi kila sekunde, na prosesa iliyobeba mzigo huo ndiyo ileile iliyofanya hesabu. Programu iliyotaka kwenda mbio iliweza kuzima kioo ikafanya kazi yake gizani.

Kulikuwa na shida nyingine, ndogo kwa kuitazama. Alto ilisoma kumbukumbu kwa mafungu ya biti 16, lakini herufi au mchoro hauchagui kuanza pale fungu linapoanza. Picha ikisogezwa kulia kwa nukta moja tu, kila biti hubadili mahali pake ndani ya fungu, na baadhi huvuka mpaka zikaingia fungu la pili. Novemba 1975 Dan Ingalls, Diana Merry, Larry Tesler na Bob Sproull walizikusanya kazi zote za namna hii katika tendo moja lililoitwa BitBlt: kuchukua mstatili wa nukta popote ulipo, na kuuweka popote unapotakiwa, mipaka ya mafungu isimsumbue mwandishi wa programu. Baadaye Ingalls alilishusha tendo hilo mpaka katika maagizo ya ndani kabisa ya mashine, ambako hatua moja iliyookolewa huokolewa mara maelfu. Kuandika herufi, kupandisha maandishi, kufuta, kufunua orodha: yote yakapitia mlango mmoja.

Desemba 1979 wageni kutoka kampuni ya Apple walionyeshwa kazi hizo. Mmoja wao alikuwa Bill Atkinson (1951–2025). Aliyaona madirisha yaliyopandana kama karatasi mezani, akaondoka akiamini kwamba mfumo ule uliweza kuchora ndani ya dirisha lililofunikwa nusu, ukajaza sehemu inayoonekana na kuiacha iliyofichika. Haikuwa hivyo. Dirisha la Xerox liliinuliwa kwanza juu ya mengine, ndipo likachorwa. Yamkini kosa hilo lilikuwa na baraka, maana anayeamini kwamba jambo limekwisha kufanyika hapotezi siku akijiuliza kama lawezekana.

Tatizo lenyewe ni hili. Dirisha lililofunikwa pembe moja hubaki na umbo la herufi L. Likifunikwa na mawili au matatu, umbo hilo huwa la kutatanisha. Kuuliza juu ya kila nukta kama imo au haimo ni kuuliza maswali malaki kwa kila mchoro. Atkinson aliliandika umbo kwa mipaka yake tu. Kwa kila mstari ambamo jambo hubadilika alizitaja nukta ambapo nje hugeuka ndani, na ndani hugeuka nje. Mistari isiyobadilika hakuitaja kabisa. Hivyo mstatili mtupu ulitosheka na tarakimu chache, hata ukienea kioo chote, na kutoa umbo moja katika jingine kukawa ni kulinganisha orodha mbili fupi.

Andy Hertzfeld, aliyefanya kazi pamoja naye, amesimulia kwamba mwanzoni mwa 1982 wasimamizi wa kompyuta ya Lisa walitaka kila mwandishi wa programu ajaze fomu kila juma, ataje idadi ya mistari aliyoandika. Atkinson alikuwa ametoka kuziandika upya hesabu za maumbo yale. Njia mpya ilikuwa nyepesi na ya jumla zaidi. Iliongeza kasi karibu mara sita na kupunguza mistari ipatayo 2,000. Katika nafasi ya idadi akaandika 2,000, na mbele yake alama ya kutoa. Baada ya majuma machache hakuombwa tena kuijaza. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, ingawa wasimamizi hawakuwa wajinga: walitaka kujua kama kazi inakwenda, ila kipimo chao kilihesabu jasho, na jasho ndilo lililokuwa likiondolewa.

Macintosh ilipotoka Januari 1984 ilikuwa na kilobaiti 128 kama Alto, na kioo cha nukta 512 kwa 342. Hapakuwa na nafasi ya kuweka akiba ya picha ya kila dirisha. Kwa hiyo sehemu ilipofunuliwa, mfumo ulikadiria eneo lililofichuka ukaiambia programu: chora hapa tu. Rob Pike wa Bell Laboratories, katika miaka hiyohiyo, alishika njia ya pili: sehemu zilizofichika zilihifadhiwa kando na kurudishwa zilipohitajika. Njia ya kwanza hutoza kazi. Ya pili hutoza kumbukumbu.

Njia ya kwanza ilikuwa na aibu yake. Programu iliyozubaa haisikii ombi la kuchora. Waliotumia Windows XP katika ofisi na mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam au Nairobi wanaikumbuka: dirisha lililoburutwa juu ya programu iliyoganda liliacha msururu wa nakala zake, kama nyayo katika tope. Kumbukumbu iliposhuka bei, mizani iligeuka. Mac OS X 10.2 ya mwaka 2002, na Windows Vista iliyowafikia wanunuzi wa kawaida mwaka 2007, ziliipa kadi ya picha kazi ya kuyapanga madirisha, kila moja likiwa na akiba yake.

Ukawiaji ulihama, haukutoweka. Picha ya kamera yenye nukta 4,000 kwa 3,000, ikifunguliwa kwa baiti nne kila nukta, hudai baiti milioni 48. Ikionyeshwa katika nafasi ya nukta 400 kwa 300, zinazohitajika ni nukta 120,000, yaani moja katika mia. Programu isiyoangalia huifungua na kuipunguza upya kila dirisha linapoguswa, na kwa kuwa aghalabu hufanya hivyo katika foleni ileile inayosikiliza kipanya na kibodi, dirisha zima huganda. Mchunguzi mwenye saa hupima mbali muda wa kufungua, muda wa kupunguza na muda wa kuweka kiooni. Akikuta kwamba wa tatu ni mdogo kuliko yote, kununua kadi ya picha yenye nguvu zaidi hakutamsaidia, kwa sababu muda unapotea kabla picha haijaifikia kadi hiyo.