Vifo Vitatu vya Mwaka 1884: Juu ya Kurithiwa kwa Utawala wa Mtu Mmoja

Katika muda usiotimia miezi mitatu, mwishoni mwa mwaka 1884, watawala watatu wenye nguvu walifariki katika bara yetu. Wa kwanza ni Mutesa, Kabaka wa Buganda, aliyekufa mwezi wa Oktoba baada ya kutawala tangu mwaka 1856. Wa pili ni Mirambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba katika vita vya Ukune, nchi ambayo leo imo katika sehemu ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Wa tatu ni Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu, aliyekufa mwezi huo huo wa Desemba. Kila mmoja aliacha mrithi ambaye hajapata kujaribiwa katika kazi ya kutawala. Mutesa alimwacha Mwanga, kijana asiyetimiza miaka 20. Mirambo alimwacha Mpandashalo, ndugu yake. Nyungu alimwacha Mgalula, binti yake.

Ni nadra sana historia kutuwekea mbele mifano mitatu iliyo karibu hivyo kwa wakati na kwa mahali. Kwa hiyo yafaa tuitazame pamoja, maana swali lililomo ndani yake ni kubwa: mtu aliyeshika mambo yote mkononi mwake anapokufa, ni nini kinachobaki? Watu wengi hujibu upesi kwamba mambo yote hutegemea tabia ya mrithi. Akiwa hodari nchi husimama, akiwa dhaifu nchi huanguka. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Tena, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitaanza na maneno, kwani majina ya vyeo na ya nchi yahifadhi habari ambazo masimulizi ya vita huzisahau.

Neno la kwanza ni *mtemi*. Katika Usukuma, Unyamwezi na nchi za jirani ndilo jina la mtawala, nalo latokana na kitenzi *kutema*, yaani kukata. Wapo wasemao kwamba maana yake ni yule aliyekata msitu wa kwanza na kuwafungulia watu ardhi. Wapo wasemao kwamba ni yule akataye mashauri. Maana zote mbili zataja kazi, wala hazimtaji mtu fulani. Kazi hubaki hata mwenye kuifanya akiondoka. Vivyo hivyo neno *ikulu*, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka lugha za bara, ni jina la makao ya mtawala, awaye yote atakayekaa humo.

Katika temi ndogo ndogo za Usukuma kifo cha mtemi kilikuwa jambo lenye taratibu zake. Habari ilifichwa kwanza. Wazee wa ngoma, waitwao *banang'oma*, walikutana kwa siri na kumtafuta mrithi, ambaye kwa desturi ya kale alitoka upande wa kike, yaani mtoto wa dada wa mtemi, wala si mtoto wake mwenyewe. Hans Cory, aliyeandika juu ya mtemi wa Kisukuma mwaka 1951, aeleza mambo hayo kwa urefu. La kuzingatiwa ni kwamba mrithi asiyejaribiwa hakuwa ajabu katika mpango huo. Watemi karibu wote waliingia bila kujaribiwa. Waliotangulia kujaribiwa walikuwa wale wazee, nao ndio waliomfundisha mtemi mpya, na wakati mwingine ndio waliomwondoa.

Mirambo alizaliwa katika ukoo wa watemi wa namna hiyo, katika Uyowa. Lakini dola aliyoijenga ilikuwa ya namna nyingine. Alikusanya vijana wa vita walioitwa *rugaruga*, wengi wao wasio na mke wala shamba, akawapa bunduki na nyara. Kuanzia mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuziba njia ya misafara, hata ilipofika mwaka 1875 wakapatana naye. Alitaka kuzishika njia mbili: ile iendayo Ujiji na ile iendayo Buganda. Njia hii ya pili ilipita katika nchi ambazo leo watu huzijua kwa dhahabu, yaani sehemu za Kahama na Geita. Zama zile zilijulikana kwa pembe za ndovu na kwa misafara iliyoelekea Ziwa Nyanza.

Sasa tutazame majina. *Mirambo* lilikuwa jina lake la vita, na hufasiriwa kuwa maana yake ni maiti. Katika Kinyarwanda, lugha iliyo ndugu ya mbali, *imirambo* bado ni maiti. Kutoka jina hilo nchi yake ikaitwa Urambo. Hili si jambo dogo. Usukuma haukuitwa kwa jina la mtemi yeyote, wala Buganda kwa jina la Kabaka yeyote. Dola ya Mirambo iliitwa kwa jina la mtu aliyeiunda angali hai, kana kwamba nchi na mwili wake ni kitu kimoja.

Mapatano yake nayo yalikuwa ya mtu kwa mtu. Stanley alipokutana naye mwezi wa Aprili 1876 walichanjiana udugu wa damu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, aeleza urafiki wake na Mirambo kama jambo lililokuwa baina yao wawili. Hata mategemeo yake kwa Waingereza yalipitia kwa watu: kwa mmisionari Southon, aliyefika Urambo mwaka 1879 na kufa huko mwaka 1882, na kwa balozi Kirk wa Unguja, ambaye urafiki wake ulipoa baada ya Carter na Cadenhead kuuawa mwaka 1880 katika mapigano ya majeshi ya Mirambo. Udugu wa damu ni kifungo chenye nguvu sana, lakini haurithiwi. Anayekufa hufa nao.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Mirambo alipoishinda nchi, mara nyingi hakuufuta ukoo wa watemi wake. Alimwondoa mtemi aliyempinga na kumweka mtu mwingine wa ukoo ule ule, aliyekubali kutoa pembe na vijana wa vita. Jambo hilo lilikuwa rahisi, wala halikumhitaji awe na watumishi wengi wa kutawala. Lakini maana yake ni kwamba katika kila nchi aliyoishinda alikiacha kiti cha utemi kikiwa kizima, pamoja na wazee wake, ngoma zake na desturi zake za kurithishana. Aliwafunga watu wale kwa hofu yake mwenyewe, na chini ya hofu ile mambo yote ya zamani yaliendelea kuishi.

Basi alipokufa Ukune, akiwa mgonjwa na vita havijamalizika, hofu ile ilikufa pamoja naye. Mpandashalo alishika mahali pake. Hakuwa mwoga wala mjinga. Alipigana mpaka akauawa vitani mwaka 1890. Lakini alirithi nini? Ndugu wa damu wa Mirambo hawakuwa ndugu zake yeye. Watemi walioshindwa hawakuhitaji kuunda kitu kipya ili wajitenge. Ilitosha tu waache kupeleka pembe. Rugaruga walikuwa wameshikamana na bahati ya kiongozi wao, na bahati ilipokwisha makundi mengine yalitafuta nyara mahali pengine. Katika muda wa miaka michache dola ikarudi kuwa utemi mmoja kati ya temi nyingi. Twaweza kusema kwamba huko Urambo mrithi alibaki, na dola ikaondoka.

Nyungu ya Mawe alikuwa mtu wa mfano ule ule. Alitoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alikuwa na rugaruga, na sifa yake ya ukali haikupungua ya Mirambo. Jina lake pia ni jina la vita: chungu cha mawe, kisichovunjika. Lakini yeye aliutawala Ukimbu kwa njia tofauti. Wakimbu walikuwa na temi nyingi, ndogo sana na zenye watu wachache. Nyungu alizikusanya katika majimbo machache, na juu ya kila jimbo akaweka mtu wake mwenyewe, aitwaye *mtwale*. Watemi wa zamani walibaki na matambiko yao. Mtwale ndiye aliyekusanya pembe na kuzipeleka makao makuu.

Hapa tena neno latufundisha. *Mtwale* ni jina la cheo. Akifa mtwale huyu, huwekwa mtwale mwingine. Na Nyungu akifa, watwale wangali watwale, wakiwa na kazi, mapato na heshima ambazo zategemea kuwapo kwa makao makuu. Ndiyo maana Mgalula, mwanamke ambaye hakupata kujulikana kama kiongozi wa vita, aliweza kurithi. Hakuhitaji kuushinda Ukimbu mara ya pili. Alihitaji watwale wamtambue, nao walikuwa na sababu ya kumtambua, kwa kuwa bila yeye wao wenyewe wangekuwa wageni wenye silaha katika nchi ya watu. Dola ile ilisimama mpaka Wadachi walipoivunja mwaka 1895. Padre Aylward Shorter, aliyeichunguza historia ya Wakimbu, ndiye aliyetuonyesha tofauti hii kati ya Nyungu na Mirambo, nasi twafuata njia yake.

Mfano wa tatu ni wa Buganda. Huko vyeo vilikuwa vingi na vya kale: Katikiro, wakuu wa majimbo, wakuu wa koo. Mwanga alirithi kiti kilichokuwa imara kuliko vyote tulivyovitaja. Naye, kwa kuwa hakuwa amejaribiwa, alitaka kuonyesha kwamba yeye ndiye bwana. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa kwa amri yake. Mwaka 1886 aliwaua vijana wa Kikristo wa barazani mwake, wengi wao kwa moto tarehe 3 Juni. Mwezi wa Septemba 1888 aliondolewa, akakimbia kwa mtumbwi mpaka pwani ya kusini ya Ziwa, akapata hifadhi kwa wamisionari wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Watu wa Usukuma na Uzinza walimwona basi Kabaka wa Buganda akiwa mkimbizi kwao, wakati ambapo Buganda yenyewe ilikuwa na Kabaka mwingine, Kiweewa, na baada yake Kalema.

Mwanga alirudi, akaondoka tena mwaka 1897, na akafa uhamishoni Seychelles mwaka 1903. Mahali pake aliwekwa mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Hakuna mrithi asiyejaribiwa kuliko mtoto anyonyaye. Hata hivyo Buganda iliendelea, kwa kuwa wakuu wake walitawala kwa jina lake, huku mkono wa Waingereza ukiwa nyuma yao. Basi huko mrithi aliondoka, na dola ikabaki.

Msomaji aweza kuniambia kwamba mifano hii haipimiki kwa mizani moja. Ni kweli. Ukimbu ulikuwa nchi ya watu wachache, wala haukuzungukwa na adui wengi kama Urambo, uliokuwa na Waarabu na mtemi Isike wa Unyanyembe upande mmoja na Wangoni upande mwingine. Tena miaka kumi baada ya 1884 Wazungu walikuwa wameingia kila mahali, hata hatuwezi kujua dola ya Mgalula ingedumu mpaka lini. Lakini tofauti hizo hazilifuti jambo lenyewe. Mpandashalo hakushindwa kwa sababu adui walikuwa wengi tu. Mirambo naye alikuwa na adui hao hao. Alishindwa kwa sababu, alipogeuka nyuma, hakukuta watu ambao vyeo vyao vyategemea cheo chake.

Nchi hizi zimepata kuliona swali hili tena katika siku zetu. Tarehe 17 Machi 2021 alifariki Rais John Pombe Magufuli, mzaliwa wa Chato, na tarehe 26 Machi akazikwa huko kwao, katika mkoa wa Geita. Walikuwapo waliomsifu kwa ukali wake juu ya wavivu na wala rushwa, na walikuwapo waliomlaumu kwamba alikusanya madaraka mengi mno mkononi mwake. Simfananishi na Mirambo. Zama ni mbali na mambo ni mbali. Naitaja tarehe ile kwa sababu moja tu. Wengi waliokuwa na wasiwasi siku zile waliuliza habari za mtu: ataweza? Lakini jibu la kwanza lilitoka katika maandishi. Katiba, ibara ya 37, ilikuwa imekwisha kusema kwamba Makamu wa Rais ndiye atakayeshika, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan akaapa. Alipoapa, jeshi, mahakama na makarani wa wilaya waliamka kesho yake wakiwa na vyeo vile vile.

Hata hivyo tusijifariji upesi. Maandishi huonyesha nani atakaa katika kiti. Hayaonyeshi kama kiti chenyewe bado kina miguu. Mtawala wa namna ya Mirambo hawezi kujulikana kwa ukali wake peke yake, kwa maana Nyungu alikuwa mkali vile vile. Hujulikana kwa jambo moja: kila kazi katika nchi hufanywa kwa jina lake, na kila mwenye cheo hujiona ni mtu wake kuliko kuwa mtu wa cheo. Kazi hiyo ya kuondoa majina ya vyeo na kuweka jina la mtu hufanyika polepole, wakati mtawala yungali hai na watu wanamshangilia. Kifo chake huionyesha tu.

Wazee wa ngoma wa Usukuma walilijua jambo hili kwa njia yao. Walipoificha habari ya kifo cha mtemi, hawakuwa wakiwadanganya watu bure. Walikuwa wakipata nafasi ya kuhakikisha kwamba, habari itakapotoka, utemi utakuwa umekwisha kupata mwenyewe. Siku ile ya Desemba huko Ukune, jeshi zima lilikuwa pamoja na Mirambo, na bunduki zote, na sifa zote. Walioweza kusema dola hii ni ya nani baada yake hawakuwapo, kwa sababu yeye hakupata kuwaweka.