Baiskeli ya bei mbaya: mtu mzima inaweza kumlipa, mtoto je?

Kibaoni na Ifakara yote ni tambarare, na baiskeli ndiyo usafiri wa wengi. Sasa, kuna haja ya kununua ya bei mbaya?

Kwa mtu mzima, angalia hela imeenda wapi. Baiskeli za mashindano ni ghali kwa sababu ya wepesi, mpaka sheria ya UCI inakataza iliyo chini ya kilo 6.8. Gunia la mpunga halihitaji wepesi huo. Phoenix ya chuma, tairi 28, inakaribia kilo 20 na haina gia, ila fremu ikikatika fundi wa kuchomelea anaimaliza palepale. Ya aluminiamu inataka mashine ya gesi ya agoni, na si kila karakana inayo. Gia nazo masika hujaa tope, cheni inaruka. Hela ya ziada iende kwenye rimu, spoki nene na breki.

Mtoto ni habari nyingine. Leo anatosha tairi 16, miaka miwili mitatu magoti yanagonga usukani. Mtumba wa Japani unamtosha, mradi breki zishike. Na ile ya "ataikulia" achana nayo: asipofika chini kwa miguu, atasimama kwa kuanguka. Mpandishe kwanza, ndipo ulipe.