Uhuru Park si nyasi tu

Jameni, wengi tunaijua Uhuru Park kwa mashua za pale ziwani na kujilaza kwenye nyasi. Lakini pana historia pale! Mzee Kenyatta aliifungua 1969. Mwaka 1989 KANU ikataka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai akakataa, akawaandikia wakubwa barua hadi kwa balozi wa Uingereza. Wabunge wakamkejeli, wapi! Hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa. Mwaka 1992 akina mama wakagoma kula papo hapo wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Tarehe 27 Agosti 2010 Kibaki akaitia sahihi Katiba mpya hapo hapo. Sasa niambieni, ghorofa lingesimama, umma ungekusanyika wapi?