Ujirani wa Mpanda na Katiba ya Zanzibar

Kuanzia 2008 hadi 2015, sisi wa Shanwe tuliwakilishwa bungeni na Said Arfi wa CHADEMA, ilhali jirani yake jimboni, Mizengo Pinda wa CCM, alikuwa Waziri Mkuu. Hakuna sheria iliyowataka waketi meza moja. Yote yalitegemea hiari, na hiari huondoka na mwenyewe.

Zanzibar walithubutu zaidi. Novemba 2009 Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa, ikaingizwa katika Katiba. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, maridhiano yalivunjika (nani angeshangaa?), lakini kifungu kilibaki. Ndicho kilichomrudisha Maalim kwenye Umakamu wa Kwanza wa Rais Desemba 2020. Huku Bara hatuna kifungu cha kurejea.