Rimoti ipi inafaa roboti ya kujiundia?

KIJANA wa Kimbo, kati ya Ruiru na Thika, anayetaka kujiundia roboti ya magurudumu hatatizika sana kupata mota na betri. Matatu ya Barabara ya Thika itamfikisha Nairobi, na maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue yamesheheni vifaa hivyo. Mashaka huanza anapoulizwa anataka rimoti gani.

Swali hilo si dogo, kwani aghalabu rimoti hugharimu zaidi ya mota zenyewe. Isitoshe, roboti ya kilo 10 iliyopoteza mawasiliano katika ua wa ploti wanamocheza watoto si kitu cha mzaha.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Mnamo 1898 Nikola Tesla alionyesha jijini New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Hadi leo transmita iliyo mkononi hutuma amri, nacho kipokezi kilichomo ndani ya roboti huzigeuza kuwa mipigo ya umeme, kwa kawaida mara 50 kila sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 huwa ni wa kusimama. Ukikaribia 2 roboti huenda mbele kwa kasi, ukikaribia 1 hurudi nyuma.

La kwanza kuangaliwa ni masafa. Rimoti za zamani zilitumia megahezi 27, 35, 40 au 72, na watu wawili wenye chaneli moja hawangeweza kucheza pamoja bila kuvurugana. Anayeuziwa seti kuukuu ya Marekani ya megahezi 72 au 75 kwa bei ya kutupa na aiache, maana masafa hayo yalitengewa vyombo vya kuchezea huko kwao, si hapa.

Rimoti za kisasa hutumia gigahezi 2.4. Masafa hayo hutumiwa pia na Wi-Fi na Bluetooth, na katika majumba ya ghorofa yaliyosongamana ya Kimbo hewa imejaa mawimbi hayo. Hata hivyo, rimoti nzuri hurukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde, hivyo msongamano huo huitatiza kwa nadra.

Kwa anayeanza, rimoti ya chaneli sita kama FlySky FS-i6 yatosha kabisa. Chaneli mbili zitaendesha magurudumu, zinazosalia zitatumika kwa mkono, taa au swichi ya dharura. Hakikisha ina uwezo wa kuchanganya chaneli ili kijiti kimoja kiongoze mota za kushoto na kulia kwa pamoja.

Kuna mtego hapa. Rimoti nyingi za vijiti viwili ziliundwa kwa ajili ya ndege, na kijiti cha kasi hubaki pale ulipokiachia. Kwa roboti hiyo ni hatari. Endesha kwa kijiti kinachojirudisha katikati. Zile za umbo la bastola hufaa gari lenye usukani, lakini mara nyingi chaneli zake ni chache.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ndilo kuu, ni namna kipokezi kinavyotenda mawimbi yakikatika. Vingine hushikilia amri ya mwisho, na roboti iliyokuwa ikikimbia huendelea kukimbia. Inua roboti magurudumu yasiguse chini, yazungushe, kisha zima rimoti. Yasiposimama mara moja, rekebisha mpangilio wa usalama katika menyu kabla ya kuitua sakafuni.

Antena ya kipokezi nayo isifungiwe ndani ya bodi ya mabati, kwani chuma huzuia mawimbi. Ncha yake, yenye urefu wa takriban milimita 31, ichomoze nje.

Asiye na fedha za kutosha anaweza kutumia simu yake na moduli ya Bluetooth kama HC-05, mradi roboti ni nyepesi na haiendi zaidi ya mita 10 hivi.

Unaponunua, dai kipokezi cha aina ileile ya rimoti, maana kila kampuni ina lugha yake na nyingi hazielewani. Washa rimoti kwanza, kisha roboti. Wakati wa kuzima, anza na roboti.